Mkono wa Kushoto wa Mama

Mama yangu alianza kuchora akiwa tayari anaitwa bibi na mtaa mzima. Mimi mwanawe, niliyesomea kuchora na ninayekula kwa kuchora, nilimwonea wivu. Nimejaribu kutafuta neno jingine la upole zaidi, sikulipata. Nilikuwa namwogesha, namlisha, namwombea dua kila baada ya sala, na bado kila alipookota kile kipande chake cha mkaa kitu kilinikaba kooni, hakikushuka mpaka alipokiweka chini.

Nyumba yetu iko Gerezani, upande wa kuelekea Kariakoo. Ni nyumba ya vyumba sita na ua nyuma, aliyotuachia marehemu baba, moja kati ya chache mtaani ambazo hazijauzwa zikageuzwa ghorofa. Upande mmoja tumepakana na duka la vipuri vya magari, upande wa pili na jengo refu lililotuzibia jua la asubuhi. Utoto wangu wote Mama alishona pale barazani. Sare za shule, magauni ya harusi, mashuka, chochote kilicholetwa. Watu walimwita fundi, na walisema mshono wake unaweza kuuvaa nje ndani na asijue mtu.

Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kuishi pale. Sikuwa na mtoto. Nikapewa chumba changu kilekile cha usichana, nikaweka meza na kompyuta, nikaendelea na kazi yangu ya kubuni michoro ya khanga. Wengi huvaa khanga kama vile zimeota zenyewe dukani, lakini kila moja kuna mtu aliyeikalia. Kuna pindo, yaani ile mipaka inayoizunguka. Kuna mji, pale katikati. Kuna jina, yale maneno ya chini. Mimi nilichora, mzee mmoja mwenye duka la jumla Kariakoo alichagua, na alizozipenda alizipeleka kiwandani.

Sifa yangu ilikuwa usafi. Kona zangu zilikutana. Ua la kulia lilikuwa pacha wa ua la kushoto. Nilipima kila kitu, na kama mstari umepinda kidogo sikulala. Yule mzee alichukua baadhi ya kazi zangu, zile za korosho, lakini zile nilizozipenda mwenyewe alizirudisha. Siku moja aliniambia mbele ya wateja, bila ubaya wowote:

"Binti, kazi yako safi kama sahani iliyooshwa. Tatizo kila nikiitazama naona sahani tupu."

Nilicheka, nikaaga, nikatembea mpaka nyumbani nikiwa sioni njia. Ile kazi aliyoirudisha niliiweka pamoja na nyingine chini ya meza, rundo limefika magotini.

Kisha Mama akapata kiharusi. Ilikuwa asubuhi, anachambua mchele uani, ungo ukamtoka. Mungu ni mkubwa, alipona. Mdomo ulibaki umepinda kidogo na maneno yalirudi polepole, lakini mkono wa kulia ulikuwa umelala, na ukabaki umelala. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia tusimwache akae bure. Mkono wa kushoto ufanye kazi, alisema. Ushike kijiko, ufinyange unga, uandike, uchore, mradi usikae.

Mama aliona aibu. Kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, wala hauingii kwenye sahani. Siku za mwanzo alikula akiwa ameugeukia ukuta. Nami nilimtazama mgongo nikiwa na mawazo yangu, maana mimi nilizaliwa mashoto. Nilipoanza kushika vitu, nilishika kwa kushoto. Mama ndiye aliyenibadilisha. Alinifunga kitambaa mkononi, akanivalisha kama kifuko, na kila nilipokisahau na kunyoosha mkono ule alinipiga kofi dogo la vidole. "Watu watasema sikukufunza," alikuwa akisema. Hakunionea, ndivyo watoto wote mashoto walivyofanyiwa. Nikajifunza kulia, nikaandika kwa kulia, nikasoma sanaa kwa kulia. Nadhani ndiyo sababu nilipenda rula.

Ili asikae bure nilimpa karatasi kutoka lile rundo langu, achore upande wa nyuma. Penseli ilimponyoka. Akaokota mkaa jikoni.

"Nichore nini?"

"Chochote, Mama. Ni mazoezi tu."

Nilitegemea mistari ya kutetemeka kama ya mtoto wa chekechea. Ilitetemeka kweli. Lakini alipomaliza kulikuwa na chungu kwenye karatasi, kimekaa juu ya mafiga mawili. Figa la tatu halikuwepo. Chungu kilikuwa kimelalia upande, tena sana, lakini mchuzi ndani yake ulikuwa haujafika ukingoni. Ulikuwa mchoro wa mistari saba au minane, si zaidi. Niliutazama nikausogeza karibu na macho.

Nikasema, "Figa jingine umelisahau."

"Halikutoka," akajibu.

Mpangaji wetu mmoja alikuwa anapita na beseni lake la vitumbua. Ni mama wa Kimakonde kutoka Mtwara, mchangamfu, ambaye mumewe aliondoka mwaka ule kwenda kutafuta maisha na simu yake ikaacha kupokelewa. Yeye hakulizungumza jambo hilo na sisi hatukumuuliza. Alisimama, akainama kutazama, akaliweka beseni chini.

"Mama, hiki chungu ni changu."

"Mimi sijakichora kwa ajili yako, mwanangu," Mama akasema. "Nilikuwa nimekaa tu, wewe unakaanga pale."

"Ni changu," akarudia. Akacheka, huku anafuta macho kwa ukingo wa khanga yake. "Kimeinama, hakijamwagika. Nipe nikabandike."

Akakibandika ukutani kwake, juu ya kitanda. Na mgongoni mwa kile chungu kulikuwa na mawaridi yangu, yaliyopimwa kila jani, yameugeukia ukuta.

Baada ya hapo ikawa ndiyo habari ya nyumba. Wapangaji walikuja jioni kumjulia hali Mama na wakakaa wakitegea wachorewe. Mama hakumchora mtu sura. Alimtazama kidogo, akazungumza naye habari za bei ya nyanya, kisha akageuza uso pembeni, na mkono ukaenda wenyewe kwenye karatasi. Fundi wa magari aliyepanga chumba cha mbele alichorewa mlango wenye kitasa ndani tu. Akauliza kama anaweza kuondoka nao. Mwalimu mstaafu wa jirani alichorewa kiti chenye mguu mmoja mrefu kuliko mingine, akacheka mpaka akakohoa.

Nilimuuliza, "Mama, huwa unaanzia wapi?"

"Sijui."

"Lakini kuna kitu unakifikiria kwanza."

"Nikikifikiria kinaharibika." Akautazama mkono wake wa kushoto kama mgeni aliyeingia bila hodi. "Huu haujui kitu, mwanangu. Haujawahi kufundishwa. Labda ndiyo maana."

Haujawahi kufundishwa! Mimi nilikuwa nimefundishwa miaka na miaka. Usiku ule nilitazama kazi iliyokuwa kwenye kompyuta na nikaona kweli ni sahani. Kesho yake, Mama akiwa amelala mchana, nikachukua mkaa wake, nikaenda chumbani, nikajifungia. Nikajiambia: usifikiri. Nikachora chungu. Kilikuwa chungu. Nikachora mlango, na bila kutaka nikaupa bawaba pande zote mbili ili ulingane. Nilikuwa najitazama nikichora, kama msimamizi aliyesimama nyuma ya kibarua, na kila mstari uliotaka kwenda kwake niliushika shingo nikaurudisha. Nikachana karatasi zote, nikanawa mikono nikamrudishia mkaa palepale alipouweka.

Kilichoniuma zaidi kilikuja na kaka yangu. Yeye ni mdogo wangu kwa umri, ila mimi humwita kaka tangu utotoni na limebaki hivyo. Anafanya kazi bandarini, upande wa makontena. Alikuja na mkewe siku ya Jumapili, wakala, wakakaa uani.

"Mama, na mimi nichoree basi," kaka akasema. "Mbona wapangaji wanafaidi?"

Mama akacheka. Akachora kulabu ya kreni, nene, nzito, imeshuka kutoka juu. Kwenye ile kulabu, badala ya kontena, kuna yai. Kamba nyembamba imelizunguka. Yai limetulia kabisa.

Wifi yangu alilitazama, akaweka mkono mdomoni. Akamtazama mumewe.

"Umemwambia?"

"Mimi? Wallahi sijamwambia mtu!"

Ikabidi waseme palepale. Alikuwa na mimba changa, walikuwa wanasubiri itulie ndipo watangaze. Watu wakapiga vigelegele, mpangaji wetu akatoka na vitumbua vya bure, Mama akawa analia na kucheka kwa ule mdomo wake uliopinda. Nilimkumbatia wifi. Nikasema hongera, na niliitoa moyoni, kwa sehemu ya moyo iliyokuwa inapatikana. Kisha nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kichwa changu kilitafuta maelezo. Nilijiambia Mama amemwona wifi anakataa samaki, amemwona anatema mate, mwanamke mtu mzima lazima ajue. Labda ndivyo ilivyokuwa. Lakini na mimi nilikuwepo mezani. Na mimi nina macho, tena yaliyosomeshwa. Na kuna jambo jingine nililoligundua pale kwenye karo, maji yakinichuruzika kwenye viwiko: amechora kila mtu wa nyumba hii. Mimi ninayemgeuza kitandani hajanichora.

Mzee wa khanga alikuja kumjulia hali. Ni mtu wa mjini wa zamani, familia yao na yetu zinajuana tangu enzi za babu. Alileta machungwa.

"Shikamoo, mzee," nikampokea.

"Marahaba, binti. Mgonjwa yuko wapi? Dada, hujambo? Tunasikia umekuwa msanii."

Mpangaji wetu, ambaye siku zote masikio yake yako mbele ya miguu, alishatoka chumbani na kile chungu chake mkononi. Mzee akakichukua. Akakishika kwa mbali, akakileta karibu. Nilikuwa nimemwona akitazama kazi zangu mara nyingi sana, nikijua kila mkunjo wa uso wake. Ule sikuwahi kuuona.

"Nani kachora?"

"Mama," nikasema. "Ni mazoezi ya mkono tu. Anachezea."

Hakunisikia. "Dada, hiki kikae katikati ya khanga. Kimoja tu, kikubwa, kisizungukwe na kitu. Na jina?"

"Kimeinama, hakijamwagika," akadakia mpangaji.

Mzee akapiga paja. "Imekwisha! Hiyo wanawake wataifuata mpaka stoo." Kisha ndipo akanikumbuka. "Wewe utatutengenezea. Unajua mambo ya vipimo. Kiingize kwenye kompyuta, kizungushie pindo, uniletee."

Miaka yote ile nikisubiri khanga yangu izungumzwe, na sasa nimepata kazi ya kuuzungushia mji wa mama yangu pindo. Nilisema ndiyo, mzee. Ningesema nini?

Nilikiingiza chungu kwenye kompyuta, nikaanza kukisafisha. Najua watu watasema nilifanya makusudi. Sikufanya makusudi. Mstari uliotetemeka niliunyoosha kwa sababu kiwanda hakipendi mistari inayotetemeka. Ukingo uliovimba niliuzungusha sawasawa. Mafiga niliyafanya yalingane. Mwinamo niliupunguza kidogo, maana ulivyokuwa usingewezekana kabisa, chungu cha kweli kingeanguka. Nikazungushia pindo la majani, kona zikakutana, nikampelekea.

Alikitazama kwenye kioo cha kompyuta yangu, pale dukani, watu wakipita na marobota kichwani.

"Binti, umefanya nini? Hiki kimekufa."

"Nimekisafisha tu."

"Kimekufa," akasema tena, kwa huruma kabisa, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza. "Hiki sasa ni alama ya hotelini. Rudi nacho. Usikiguse. Kama kinatetemeka kiache kitetemeke."

Nilifika nyumbani mvua imeshika, mtaro wa mbele umejaa, maji yanaruka barazani. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ukumbini, mlango wa uani uko wazi, anatazama mvua. Mkaa ulikuwa mkononi na karatasi kwenye kibao mapajani. Sikumsalimu hata. Nikasimama mbele yake baibui linachuruzika.

"Mama, mbona mimi hujawahi kunichora?"

Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Kavue hizo nguo kwanza, utapata homa."

"Umemchora fundi magari. Umemchora mwalimu, ambaye hata humpendi. Mtoto ambaye hajazaliwa umemchora. Mimi nalala chini miguuni pako, Mama, kila ukikohoa naamka. Nina kosa gani?"

"Nimekuchora."

"Lini?"

"Mara nyingi. Nachoma." Akaonyesha jiko kwa kidevu. "Wengine wakikaa hapa, mkono unakwenda. Ukikaa wewe, hauendi. Nataka niuchore mdomo wako unacheka. Nataka nikuchore na mtoto. Nataka nikuchore umenenepa kidogo. Nikikutazama sikuoni, naona ninavyotaka uwe. Basi mkono unakuwa kama wa kulia ulivyokuwa. Unashona vizuri, lakini unashona nguo ambayo haikukai."

Nilikaa chini, kwenye saruji, palepale nilipokuwa nimesimama. Sikuwa nimejiandaa kwa jibu lile. Nilidhani atasema hanioni kwa sababu hakuna cha kuona.

"Mkono wangu uliufunga kitambaa," nikasema. Sijui lilitoka wapi. "Wa kushoto. Sasa wewe ndiye unautumia."

"Najua. Kila nikishika mkaa nakumbuka." Mvua ilikuwa inapiga bati la jikoni, ikabidi apaze sauti. "Niliogopa watu. Hao watu wenyewe leo sijui hata walikuwa nani."

Akaninyooshea ule mkaa. Kwa kushoto, mkono uleule alioona aibu kumpa nao mtu kitu.

"Kamata. Kwa mkono ule."

"Siwezi, Mama. Nimejaribu. Najitazama."

"Funga macho basi usijitazame. Halafu ongea. Kichwa kikiwa na kazi ya kuongea hakitaingilia. Nitukane ukitaka, ila usifungue macho."

Akaniwekea kibao mapajani. Nilifunga macho. Mkono wangu wa kushoto haukujua hata kukamata mkaa vizuri, ulishika kama unashika mwiko.

"Ongea."

"Nakuonea wivu," nikasema.

"Ehe."

"Nakuonea wivu tangu kile chungu. Namwonea wivu wifi. Namwonea wivu mpangaji, kwa sababu ana kitu chako ukutani. Siku ile ulipomchorea kaka nilitaka kulia, na si kwa furaha. Nimesoma, Mama. Nimepima mistari mpaka macho yananiuma. Wewe unaokota mkaa wa kupikia..." Niliendelea. Nilisema mambo ambayo sitayaandika, mengine ya ndoa, mengine ya zamani sana. Kila nikinyamaza Mama alisema ehe, kama anayesikiliza ngano. Mkono ulikuwa unakwenda. Nilisikia mkaa ukikwaruza lakini nilikuwa nimeshughulika na maneno, kama mtu anayemenya viazi huku anagombana. Kisha maneno yakaisha, na mkono ukasimama.

"Fungua."

Sikujua ni nini. Nilianza kugeuza karatasi. Mama akaegemea mbele, akaangua kicheko kile cha zamani, cha kabla ya kiharusi, mpaka mate yakamtoka upande mmoja.

"Mbuzi!"

Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Ila ilikuwa na meno pande zote mbili, mbele na nyuma, na juu ya kigoda wamekaa wanawake wawili wamepeana migongo, kila mmoja anakuna kwake. Hawakuwa na sura, mistari minene tu ya kuinama. Migongo yao ilikuwa imegusana na huwezi kusema mstari ule wa katikati ni wa nani. Nilikuwa nimetumia mmoja kwa wote wawili.

"Nani kakaa mbele?" Mama akauliza.

Nikatazama. "Hakuna mbele."

"Akiinuka mmoja mwenzie anaanguka."

"Nimeona."

Akaigusa karatasi kwa kidole, akachafuka masizi. "Huyu mmoja amekaza mabega. Sijui ni wewe, sijui ni mimi." Akafuta kidole kwenye nguo. "Inauma hii. Nzuri."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kazi yangu inauma. Nilikwenda kuvua nguo zilizolowa, nikakaa kitandani mikono yote miwili myeusi, nikatulia. Wivu ulikuwepo bado, niliuona, lakini sasa ulikuwa nje, kwenye karatasi, una meno na kigoda, naweza kuutazama.

Chungu nilikirudisha kwenye kompyuta kilivyokuwa, na mtetemeko wake. Pindo nilianza upya kwa mkaa, kwa kushoto, macho nimefunga, mpangaji wetu akinisimulia tamthilia aliyokuwa anaitazama kwenye simu. Ulitoka mstari wa vimeno vimeno unaozunguka, mahali unanenepa, mahali unakaribia kukatika. Sikuusafisha. Ilinibidi nizime kompyuta mara kadhaa ili nisiuguse.

Mzee alipoiona, alivaa miwani, akaivua.

"Kona hazikutani."

"Najua, mzee."

Akapitisha kidole kwenye kioo, kuzunguka pindo lote, polepole, kama mtu anayetafuta tundu. Mteja alimwita, hakuitika.

"Acha hivyohivyo," akasema.

Khanga ilitoka kabla wifi hajajifungua. Nyekundu, pindo jeusi, chungu cheupe. Ilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia, ikarudi kiwandani, na mpangaji wetu akawa anatembea nayo kila mahali akiwaambia watu jina ni lake. Picha ya mbuzi sikumwonyesha mzee. Iko chumbani kwangu, na Mama huingia kuitazama na fimbo yake akidhani sijui.

Juzi nilikuwa sokoni, kwenye msongamano ule wa mchana, nikamwona mwanamke mbele yangu amejifunga ile khanga, ana furushi la vitenge. Nilimfuata hatua kadhaa kabla sijajizuia.

"Samahani, dada. Khanga yako nzuri. Umeipendea nini?"

Akajitazama mwenyewe kiunoni. "Hiki chungu. We huoni? Kinanisema mimi."

"Na pindo?"

Akalishika pindo, akalitazama kama kwa mara ya kwanza.

"Pindo?" Akacheka. "Pindo lipo tu, dada yangu."

Nilimshukuru. Kile kitu cha kooni kikapanda palepale, kama kawaida yake, nikatembea nacho katikati ya mikokoteni, nikakivusha barabara ya mwendokasi, nikafika nacho nyumbani. Mama alikuwa uani anamwimbia mjukuu, mtoto wa kaka. Nikavuta karatasi kabla hata ya kuvua baibui, nikakaa kando yao, nikashika mkaa kwa kushoto.

"Ni nini hicho?" Mama akauliza baada ya kitambo.

"Sijui bado."

"Basi nyamaza uendelee, usimwamshe mtoto."